Niuze kiwanja nikasome MBA ya kukamata wapigaji?

"Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu kwenye SACCOS moja hapa Tabora mjini, mwaka wa nane sasa, nina miaka 34. Nina digrii ya uhasibu, na CPA, ile mitihani ya kitaaluma ya wahasibu, nilifika ngazi ya mwisho yakabaki mapepa mawili nikaacha 2021. Nimepata chuo cha Marekani wanatoa MBA, yani masters ya biashara, ya uchunguzi wa ulaghai, unasoma kwa mtandao miaka miwili, ada dola 21,600. Nina kiwanja Ipuli nafikiria nikiuze nianzie, mke wangu hataki kabisa kusikia. Ndoto yangu ni kuwa mchunguzi, iwe benki au TAKUKURU au yale makampuni makubwa ya ukaguzi ya Dar. Je hii MBA itanifikisha au nitakuwa nimechoma hela? Pia kuna vitu naviona ofisini kwetu kwenye mikopo vinanipa mashaka, nahisi nikiwa na hii elimu ntaweza kuvifuatilia vizuri. Naomba uniambie ukweli usinifiche."

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu na humo ndani naona kuna maswali mawili, moja umeliandika kwa kirefu na lingine umelichomeka mwishoni, kama mgeni aliyeshaaga kabisa alafu akiwa mlangoni anavaa ndala ndo anasema kilichomleta. La kwanza ntalijibu kwa urefu wake, lile la mlangoni ntalirudia huko chini na tafadhali usiliruke.

Kiwanja usiuze. Nasema hivyo mapema ili usome mengine yote ukiwa umetulia. Sisemi hiyo digrii ni mbovu, digrii za namna hii zipo za kweli na zina watu zimewasaidia, ila nikiangalia ulipo wewe sasa hivi unataka kununua paa la nyumba ambayo ukuta wake haujafika kwenye lenta, na ukuta wenyewe umebakiza tofali chache tu.

Tupige hesabu kwanza manake sisi wote wahasibu. Dola moja tuiweke shilingi 2,500, ada ni milioni 54. Mshahara hukuniambia ila tuseme mkononi unashika laki tisa na themanini, hapo ukiweka yote bila kula ugali wala kulipa luku ni miezi 55. Na bado hujaweka bando na laptopu. Na uliza kama vipindi ni vya moja kwa moja au unasoma kwa muda wako, kwasababu tuseme chuo kiko New York, darasa la saa moja jioni kwao kwetu huku ni saa nane usiku, na wao wakishabadilisha saa zao Novemba linakuwa saa tisa usiku, alafu saa mbili asubuhi wanachama wako wamejipanga dirishani wanataka hela zao. Wapo waliofanya hivyo wakamaliza. Mimi nisingeweza.

Sasa wengi wanadhani digrii ya uchunguzi inakupa rungu. Haikupi. Afisa wa TAKUKURU mamlaka yake ya kukuita na kukupekua yanatoka kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, hayatoki kwenye cheti alichotundika ukutani. Mchunguzi wa benki ana uwezo wa kufungua mafaili ya benki ile iliyomwajiri, akivuka geti la benki ni raia kama mimi na wewe. Kwahiyo njia ya TAKUKURU ni tangazo la ajira, na kwenye tangazo kitu cha kwanza cha kusoma ni kipengele cha umri, kabla hujafika kwenye elimu. Usije ukasoma miaka miwili kufukuzia mlango ambao unafungwa kwa tarehe yako ya kuzaliwa.

Jambo la pili, fungua orodha ya masomo ya hiyo programu uihesabu moja moja. MBA ni MBA, nyingi za aina hii sehemu kubwa ni yaleyale ya biashara, masoko, usimamizi wa watu, mikakati, uchumi, alafu ndo wanachomeka masomo manne matano ya ulaghai, uchunguzi, data, udhibiti wa vihatarishi, usalama wa mitandao. Hayo ndo unayoyataka wewe lakini unalipia yote. Na la sheria, utasoma sheria ya kwao, ile Sarbanes-Oxley ya 2002 waliyoitunga baada ya makampuni yao makubwa, Enron na WorldCom, kukutwa yamepika vitabu. Vizuri kuijua, ila siku umesimama Mahakama ya Wilaya na printauti ya M-Pesa mkononi hakimu hatakuuliza Sarbanes-Oxley, atataka hiyo printauti iingie kwa Sheria ya Ushahidi na ile ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na hayo profesa wa Marekani hana sababu ya kuyajua.

Ngoja nikuelezee wizi unavyojulikana hasa, manake hapo ndo picha ya mtu na miwani na kompyuta inapovunjika. Kuna chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE, kilianzishwa 1988 na kiko Austin, Texas, ndo hao wanaotoa cheti cha CFE. Kila baada ya miaka miwili wanakusanya kesi za kweli na kuzichambua. Ripoti yao ya 2024 ilikuwa na kesi 1,921 kutoka nchi 138. Unajua zilivyogundulika? Katika kila 100, 43 zilitoka kwa mtu aliyekuja kusema. Mfanyakazi, mteja, mtu anayewauzia vitu, mtu tu. Wakaguzi wa ndani waligundua 14. Wakaguzi wa nje, wale wa tai na magari, 3. Na kesi ya kawaida ilikuwa imeshakaa miezi 12 ndo inashtukiwa.

Yani kazi yetu kubwa ni mtu akishakwambia, wewe ufanye nini ili kile alichokwambia kisife. Mi kesi yangu moja ilishawahi kufa na ntakusimulia ilivyokufa.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, nimetumwa chama cha msingi cha tumbaku, wilaya sitaitaja. Nimekaa nje ya godauni nakunywa uji, mlinzi akanisogelea akaniambia dada, hao vibarua mnaowalipa kupakia marobota mbona siku ile mi nilihesabu kumi na mbili? Nikaenda kuchomoa orodha ya malipo. Vibarua 47, wote wameweka dole gumba, wino wa zambarau. Nikaibeba mpaka dirishani kwenye jua. Dole la kwanza lina mstari mweupe unakatiza kwa mshazari, kama kovu la kisu. La pili hamna. La tatu upo. La nne upo. Nikahesabu mpaka mwisho, majina 31 yana kovu lilelile, na karani wa malipo amekaa mita mbili kutoka kwangu ana plasta ya zamani kwenye dole gumba.

Nilifurahi, nisikufiche. Nikaandika ripoti usiku uleule kwamba karani amejiwekea madole 31 na kuiba kiasi fulani. Orodha halisi nikaitia kwenye mkoba nikapanda nayo basi, ikakaa na mimi siku nne, pamoja na karanga za wanangu. Kilipofika kikao cha nidhamu, wakili wake akaniuliza vitu viwili tu kwa upole kabisa. Wewe ni mtaalamu wa alama za vidole? Na hii karatasi kati ya tarehe hii na hii ilikuwa wapi na nani alikuwa nayo? Kesi ikafia palepale, karani akarudi kazini, na tukikutana alinisalimia vizuri tu.

Nilichokiona kilikuwa kweli. Nilichoandika hakikuwa kazi yangu. Nilitakiwa niandike kwamba orodha ina madole 47, na kwa macho yangu 31 yanaonekana kuwa na alama inayofanana, napendekeza yapelekwe kwa wataalamu wa alama za vidole polisi. Orodha halisi ilitakiwa itiwe bahasha palepale, isainiwe na watu wawili, ikabidhiwe kwa maandishi, mimi niondoke na kopi. Miaka baadaye nasoma maadili ya CFE nakuta wameandika wazi, mchunguzi haruhusiwi kutoa maoni kwamba fulani ana hatia au hana. Nikacheka peke yangu. Somo langu lilikuwa limeshalipiwa na chama cha wakulima.

Sasa je haya MBA inafundisha? Inafundisha, na vizuri. CFE nayo inafundisha haya haya, kwa hela ambayo ni sehemu ndogo sana ya milioni 54. Wanataka uwe na digrii ya kwanza kwa kawaida, unayo, na walau miaka miwili ya kazi inayohusiana, uhasibu na ukaguzi vimo, unayo minane. Mtihani unagusa mambo manne, miamala ya fedha na mbinu za wizi, sheria, uchunguzi wenyewe, na kuzuia. Unajisomea nyumbani. Na usichanganye, kuna vyuo vinaandika programu yetu inakuandaa kwa CFE, mtu anasoma anadhani akimaliza ameshakuwa CFE, hapana, atamaliza alafu atalipa tena na kufanya mtihani wa ACFE kama wewe ambaye hukwenda.

Lakini hata CFE sio ya kwanza kwako. Ya kwanza ni yale mapepa mawili. Najua hupendi kusikia, hakuna anayependa, mi mwenyewe pepa moja lilinirudisha mara tatu mpaka mama yangu akaanza kuuliza kama hiyo kozi ina mwisho. Ila wizi wa pesa mdogo wangu unaishi ndani ya uhasibu. Chukua WorldCom hiyohiyo, 2002, waliofichua ni kitengo cha ukaguzi wa ndani chini ya mama mmoja, Cynthia Cooper, na swali lao lilikuwa la darasani kabisa: hela tunazowalipa wenzetu kutumia laini zao za simu ni matumizi ya mwezi, imekuwaje kwenye vitabu zimegeuka mali ya kampuni? Kuuliza hivyo tu zikatoka dola bilioni 3.8. Asiyejua tofauti ya matumizi na mali, hata umpe digrii tano za uchunguzi, angepita hapo akasema vitabu visafi. Na yale makampuni ya Dar unayoyataka, kwenye rundo la maombi ukiandika CPA(T), yani CPA ya Tanzania, una pa kusimama, ukiandika MBA ya uchunguzi bila CPA lazima uanze kujieleza.

Hata hayo ya data yanayowavutia vijana, unaweza kuanza leo na Eksel. Kuna kanuni ya Benford, kwamba kwenye rundo la namba zilizojitokeza zenyewe bila kupangwa na mtu, zinazoanza na 1 ni kama 30 kwa 100 na zinazoanza na 9 hazifiki 5, kwahiyo mtu anayetunga namba kichwani anajikuta ameharibu huo mpangilio bila kujua. Nzuri, ila usiikimbilie kwenye mikopo ya SACCOS, manake mikopo watu wanaomba namba za duara, laki tano, milioni, milioni mbili, kanuni haikai hapo. Kwenye mikopo angalia kikomo. Kama meneja anaruhusiwa kuidhinisha mwisho milioni mbili bila kamati, panga mikopo kwa kiasi uone mingapi imejibana kwenye milioni moja na laki tisa na ushee. Hapo hujalipa hata senti.

Kitu kimoja nilichokipenda kwenye vitabu vya hao Wamarekani ni Donald Cressey, mtaalamu wa mambo ya uhalifu, huyu miaka ya 1950 alitoa kazi aliyoifanya kwa kuongea na wafungwa waliokula hela walizoaminiwa. Alikuta wengi hawakuanza kama wezi, walianza na shida ambayo hawawezi kumwambia mtu, wakaona upenyo, alafu wakajipa sababu, nakopa tu ntarudisha. Hiyo shida isiyosemeka ndo ya kukaa nayo. Karani mwenye mgonjwa anasema, tunamchangia. Karani aliyeweka hela ya chama kwenye mkeka wa mpira Jumamosi na timu zikamgeuka, huyo hasemi, na Jumatatu ndo anaanza kuzungusha mkopo wa huyu kulipia wa yule. Ukishaelewa hilo unajua kwanini likizo za lazima kwa watunza fedha sio ukatili, mtu anayezungusha hawezi kuondoka wiki mbili, kila kitu kitaanguka.

Haya, nani basi asome hiyo MBA? Kama mwajiri wako analipa, soma kesho. Kama ni polisi au mwanasheria hujawahi kugusa biashara na unataka kuhamia, ina maana, itakupa lugha ya mizania na ya mabosi. Kama uko tayari kitengo cha ulaghai benki na kila mkubwa wako ana masters na wewe ndo umekwamia hapo, ina maana pia. Kufundisha chuo, nayo utahitaji masters. Wewe ungekuwa na CPA na CFE na miaka mitatu ya uchunguzi alafu ukaniuliza swali hilihili, huenda ningekwambia kiwanja cha Ipuli kimepanda bei vizuri. Na hata siku hiyo tungeangalia kwanza masters za hapa nchini, za uhasibu au ukaguzi au fedha, jioni au wikendi, ambazo ada yake ni shilingi na sheria yake ni ya kwetu. Chuo Kikuu Huria wana kituo hapahapa Tabora, ukaulize wana nini.

Na wakati wowote ukitaka ya nje, kabla hujatuma hata dola moja ulizia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama chuo hicho na shahada hiyo ya mtandaoni wataitambua. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Hukusahau 2017 watumishi 9,932 walivyoondolewa kwa vyeti vya kughushi, toka hapo vyeti vinaangaliwa mpaka upande wa nyuma. Ingekuwa aibu ya karne, mchunguzi wa ulaghai kushikwa na cheti kisichotambulika.

Sasa lile la mlangoni.

Unasema kuna vitu unaviona kwenye mikopo na ukisoma utavifuatilia. Miaka miwili? Mdogo wangu wewe ndo mhasibu wa hapo. Hizo vocha zina sahihi yako. Siku mambo yakilipuka hakuna atakayeuliza kama ulikuwa masomoni, watauliza uliona lini na ulifanya nini, na kila mwezi unaokaa kimya jibu lako linakuwa baya zaidi. Kwahiyo hili halingoji digrii, na pia sio la kujifanya mpelelezi. Usiingie kwenye mfumo usiku, usitumie nywila ya mtu, usibebe mafaili ya wanachama nyumbani wala kuyapiga picha kwenye simu yako, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na unaweza ukageuka mshtakiwa wewe. Na usimwulize unayemshuku hata kwa utani, akishtuka ushahidi utaliwa na moto wa takataka jioni hiyohiyo.

Chukua daftari, andika tarehe, ulichokiona kwa macho, kwenye kazi ipi ya kawaida uliyokuwa unafanya. Usiandike fulani mwizi. Wiki hii, narudia wiki hii, nenda kaonane na wakili ana kwa ana, nusu saa tu, umwonyeshe hali yako na sahihi zako, haya siwezi kukushauri kwa maandishi bila kuona karatasi na usimruhusu mtu mwingine yeyote akushauri hivyo. Akishakusikiliza atakwambia uanzie wapi, kwa kawaida ni Kamati ya Usimamizi ya chama chenu, na kama mashaka yenyewe yanaigusa hiyo kamati basi Mrajis Msaidizi wa ushirika hapo mkoani au TAKUKURU, ofisi wanayo mjini na namba yao ya bure ni 113. Ipo pia sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, mwombe wakili akueleze inakulinda mpaka wapi, manake ina masharti ya nani unampa taarifa na namna gani.

Inaweza kuwa hamna kitu. Nimeshaona mkopo wa kutisha ambao ulikuwa ni karani aliyekosea namba ya mwanachama mara mbili. Ndo maana unaandika ulichoona.

Msalimie sana wifi, mwambie kiwanja kipo. Ukishatoka kwa wakili niandikie, usinitajie majina wala namba za mikopo, nitajie tu hayo mapepa mawili ni yapi. Mitihani ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu, ni Mei na Novemba, na hapa Cheyo nina boksi faili mbili za mitihani ya nyuma zimejaa vumbi, za ukaguzi zote zina majibu niliyoandika kwa penseli, baadhi ni makosa ila nimeyawekea alama.